Nyota zilizopakwa wanja: kwa anayeanza kusafisha picha za anga

Enzi za filamu, fundi wa studio hakuulizwa picha kapiga nani. Mtu alileta mkanda wake, fundi akajifungia chumba cha giza, akasafisha, na picha ikitoka vizuri sifa zilikuwa za fundi. Nakumbuka hilo kila ninapomwonesha mtu picha ya nebula, lile wingu la gesi na vumbi lililo kati ya nyota, hapa Wete, maana swali la kwanza ni lile lile: "Darubini yako iko wapi?" Sina darubini. Mimi ni mpiga picha wa harusi. Nebula zote nilizosafisha zilipigwa na watu wengine, wakaziacha data zao wazi ili anayetaka kujifunza ajifunzie.

Wengi huona aibu kuanza hivyo, wakadhani ni njia ya asiye na pesa. Mimi naona ndiyo njia ya kuanzia hata kwa mwenye nazo. Kupiga na kusafisha ni fani mbili. Ukizianza zote kwa pamoja, picha ikiharibika hujui kosa liko kwenye lenzi, kwenye mashine ya kufuata nyota, au kwenye mkono wako ulioshika kipanya. Data ikiwa nzuri na picha ikatoka mbaya, kosa ni lako, na hilo ni jambo la kushukuru, maana linarekebishika usiku ule ule.

Halafu tazama tulipo. Pemba iko nyuzi 5 kusini ya ikweta. Nyota ya kaskazini, ambayo wenzetu wa Ulaya huitumia kulenga mashine zao, kwetu iko chini ya upeo. Ncha ya kusini ya anga nayo iko nyuzi 5 tu juu ya bahari, ndani ya ukungu wa chumvi, wala haina nyota kali ya kuionesha. Na galaksi ninayowashauri muanze nayo, Centaurus A, hufika juu kabisa saa sita ya usiku katikati ya Aprili. Nani kati yetu aliyeona anga safi Aprili? Ndiyo masika yenyewe.

Kuhusu bando, fanyeni hesabu kabla ya kupakua. Kamera ya pikseli milioni 26 yenye baiti 2 kwa kila pikseli hutoa faili la megabaiti 52 kwa fremu moja, yaani kila picha moja kati ya nyingi zinazopigwa za sehemu ile ile ya anga. Fremu mia ni zaidi ya gigabaiti 5, na hapo hujagusa fremu za giza wala za mwanga sawa zinazotumika kuondoa kasoro za kamera. Kwa hiyo mwanzo chukueni data ambayo fremu zake zimeshaunganishwa, faili moja kwa kila chujio, kile kioo kinachopitisha rangi moja tu ya mwanga. Kuunganisha fremu mtajifunza baadaye, na kwa kweli programu hufanya sehemu kubwa yenyewe. Hifadhi ya data za darubini za anga za juu kama Hubble, iliyoko Baltimore, nayo iko wazi kwa yeyote, lakini msikimbilie huko mwezi wa kwanza. Programu ya Siril, ya kusafishia picha za anga, ni ya bure, na GIMP, ya kuhariri picha za kawaida, vilevile. Msinunue kitu.

Sasa lililonigharimu. Faili la kwanza nililipakua, nikalifungua, nikaona jeusi tititi na vinukta vichache. Nikasema limeharibika njiani. Nikalipakua tena, bando likakata, na faili bado jeusi. Halikuwa na kasoro yoyote. Faili la namna hii lina ngazi 65,536 za mwanga, na nebula yote imejibana kwenye ngazi za chini kabisa, ambazo skrini huzionesha kama giza. Kazi ya msafishaji ni kuuvuta mwanga huo upande juu bila kuziunguza nyota, yaani bila kuzifanya weupe mtupu. Siril ina namna ya kukuonesha picha kana kwamba imeshavutwa, na hapo ndipo kuna mtego wa pili: inakuonesha tu, data yenyewe haijaguswa. Nilifurahi, nikahifadhi, nikamtumia rafiki yangu kwa WhatsApp. Akanijibu, "Umenitumia usiku?"

Kabla ya kuvuta, kateni kingo zilizochakaa, kisha muondoe mwanga usio wa nyota. Mwezi, taa za mji, hata unyevu, huifanya picha iwe nyeupe upande mmoja na nyeusi upande wa pili. Programu hukutaka uweke alama mahali penye anga tupu, nayo ikadirie huo mwanga wa ziada na kuutoa. Anayeanza huweka alama kila mahali kama anayemwaga mbegu. Alama ikiangukia juu ya nebula hafifu, programu itaihesabu nebula kuwa uchafu na kuifuta, na wewe hutajua kamwe kwamba ilikuwepo. Ndiyo maana nasema Centaurus A kwanza: galaksi imekaa katikati, pembeni ni anga tupu, na ule mkanda wake wa vumbi unaokatiza katikati ni kipimo kizuri cha mkono wako. Nebula ya Carina ni nzuri mno, lakini gesi imejaa picha nzima na pa kuweka alama ni pachache. Ile ya Orion nayo iacheni kwanza, kwani kiini chake chenye nyota nne huungua ukivuta kidogo tu.

Baada ya hapo ni kusawazisha rangi, ambako programu hulinganisha nyota zako na orodha ya rangi zake halisi. Iacheni programu ifanye. Jicho la saa saba usiku si la kuaminiwa, na skrini ya laptopu yangu ya zamani ilikuwa na ubuluu, kwa hiyo kila picha niliyoirekebisha kwa jicho ilitoka na manjano ya binzari.

Kuvuta ni kidogo kidogo. Vuta, tazama histogramu, ile grafu inayoonesha mwanga wa picha kuanzia weusi kushoto hadi weupe kulia, vuta tena. Mahali ambapo weusi wa anga umebana kabisa upande wa kushoto, umeshatupa data. Anga si nyeusi kama mkaa. Iacheni na kijivu chake kidogo.

Mimi tabia iliyonisumbua zaidi ilitoka kazini. Harusini tunalainisha ngozi, tunang'arisha macho, tunakaza kingo. Nikafanya vivyo hivyo kwa nebula. Nilipouondoa mchenga wote, yaani vile vichembechembe vinavyoichafua picha, gesi ikawa laini kama sahani ya plastiki. Nilipokaza kingo, dada yangu, ambaye hupamba maharusi, akaitazama picha na kusema, "Mbona nyota zako umezipaka wanja?" Kweli, kila nyota ilikuwa na duara jeusi limeizunguka. Tangu siku ile hilo ndilo jina letu la kosa hilo. Mkiliona, mmezidisha, rudini nyuma hatua moja. Mchenga hupunguzwa na wingi wa fremu: ukiwa na mara 4 ya fremu, unapungua kwa nusu, na ukiwa na mara 100, unabaki sehemu moja ya kumi. Programu haiwezi kukupa mwanga ambao kamera haikuupokea.

Rangi zile za dhahabu na buluu mnazozipenda, kama za nguzo za gesi ambazo Hubble ilizipiga mwaka 1995, ni za makubaliano. Salfa hupewa nyekundu, haidrojeni kijani, oksijeni buluu. Ukweli ni kwamba haidrojeni kwenye nanomita 656 na salfa kwenye 672 zote ni nyekundu kwa jicho. Si udanganyifu, ila mtu akikuuliza mwambie. Mwambie pia data ni ya nani. Kila anayetoa huandika masharti yake. Wengine hawataki ipelekwe mashindanoni. Nilishawahi kukaa kimya watu waliposifu "picha yangu", na usingizi ule haukuwa mzuri.

Hifadhini kila hatua kwa jina lake, maana umeme haubishi hodi. Picha ikiisha usiku, msiitume. Itazameni asubuhi, kwenye simu na kwenye laptopu.

Na mkikwama, nitumieni orodha ya hatua mlizopita kwa mpangilio wake. Tafadhali msinitumie picha ya skrini mliyoipiga kwa simu, yenye feni inayozunguka juu ya dari ikionekana katikati ya galaksi. Nilishapoteza saa nzima nikijaribu kukielewa kile kitu.