Uhandisi mseto: ushauri kwa mnaoanza vyuoni Mbeya na Iringa

Ukisoma uhandisi unaochanganya umeme, mitambo na programu, utaambiwa utamaliza ukijua kila kitu nusunusu. Hatari hiyo ipo kweli. Chagua mtambo mmoja uujue wote. Kwa Nyanda za Juu Kusini, mtambo mdogo wa umeme wa maji unafaa sana: vijito havikosekani Rungwe, Mufindi wala Njombe, na ndani yake mna ujenzi, mashine, umeme na kompyuta kwa pamoja.

Anza na hesabu. Kilowati ni 9.81 × mita za ujazo za maji kwa sekunde × mita ambazo maji yanashuka wima × ufanisi. Lita 50 kwa sekunde zikishuka mita 20 ni kilowati 9.8 kwenye karatasi; kwa ufanisi wa asilimia 60, unabaki na kama 5.9. Asiyegeuza lita kuwa mita za ujazo hupata jibu kubwa mara elfu, na wapo wanaolikabidhi hivyohivyo. Kosa la gharama zaidi ni kupima kijito mwezi Machi. Pima Oktoba au Novemba kabla mvua hazijaanza, kwa sababu maji ya kiangazi ndiyo yanayoamua ukubwa wa mtambo. Kijito kidogo kielekeze chote kwenye ndoo ya lita 20. Ikijaa kwa sekunde 4, una lita 5 kwa sekunde. Rudia mara kadhaa, chukua wastani.

Balaa hukaa pale fani zinapokutana. Mota ikiwashwa moja kwa moja huvuta mkondo mara 5 hadi 7 ya kawaida. Volti inaanguka, kidhibiti (kompyuta ndogo inayoongoza mtambo) kilicho kwenye laini hiyohiyo kinazima na kuanza upya, na mtu wa programu anakesha akisaka kosa kwenye msimbo wa programu. Kabla ya kugusa msimbo, tazama volti ya kidhibiti kwa osiloskopu, kifaa kinachochora volti kwenye skrini, wakati mota inawaka; mita ya kawaida husoma polepole, haitaliona anguko hilo. Vivyo hivyo kijiji kikizima mashine ghafla: turbaini, gurudumu linalozungushwa na maji, inakosa mzigo na kwenda mbio, volti inapanda, balbu zinaungua. Ndiyo maana huwekwa hita za maji ili zibebe umeme uliobaki.

Fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, iombe mapema: viwanda vya chai, karatasi Mgololo, saruji Songwe, karakana ya TAZARA. Ukipangiwa kuchapa barua, omba kwa adabu uhamie kwa fundi wa zamu. Kwenye daftari usiandike “nilishiriki matengenezo ya pampu”. Andika dalili, ulichopima, sababu na kilichobadilishwa: beringi ilichemka, shafti za mota na pampu hazikunyooka pamoja, zikapangwa upya. Maelezo ya namna hii ndiyo yanayokupa cha kusema kwenye usaili.

Ukihitimu, jisajili Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mhitimu. Mafunzo ya SEAP, yaani ya kazini kwa wahandisi wahitimu, huchukua miaka 3. Kwa digrii ya mseto, ulizia ukiwa bado chuoni itasajiliwa chini ya fani ipi, maana masomo ya hiari ya mwaka wa tatu na wa nne utayachagua kwa kufuata jibu hilo.