Kijana wa fildi, huyo mgonjwa hajachafuliwa

Jana nimeletewa ripoti ya kijana wa fildi hapa Njiro. Mstari wa tatu: "Mgonjwa alichafuliwa na mionzi ya eksirei." Nikaweka kikombe chini. Wadogo zangu, karibuni Arusha, ila tusikilizane.

1. Kupigwa na mionzi siyo kuchafuliwa. Umechafuka pale dutu yenyewe inayotoa mionzi, unga au maji yake, imekuganda mwilini au nguoni. Goiânia, Brazili, mwaka 1987, watu walishika unga wa sizimu-137 kwa mikono, wanne wakafariki. Huo ndio uchafu. Eksirei ukizima mashine imekwisha, kama taa.

Nimeyajua kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza, hospitali moja ya Moshi, mama alimshika mwanawe apigwe picha ya kifua bila aproni ya risasi, yaani ya madini yanayozuia mionzi. Kumvalisha ilikuwa kazi yetu. Mimi na dozimita yangu mpya kifuani, kile kipima mionzi cha mfanyakazi, nikamfuata nje: "Mama, umechafuliwa." Nilitaka nionekane najua. Kesho yake nasikia amechoma kitenge alichopewa na mama mkwe, mtoto kamwogesha maji ya baridi, Julai ile ya Kibosho, tena kamnyima ziwa. Nikapanda bodaboda kwenda kuomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo kitenge changu hakikuwa na kitu?" Hakikuwa na kitu, mama. "Na wewe hii kazi umeisomea?" Nikatazama migomba. Nilimnunulia kingine Soko la Mbuyuni; alikipokea kwa mikono miwili, hakukifungua.

2. Vipimo msivichanganye: bekereli ni ya ukali wa chanzo, grei ni ya mionzi iliyofyonzwa, sivati ni ya madhara mwilini.

3. Maikrosivati si milisivati. Ukomo wa dozi ya mwananchi ni milisivati 1 kwa mwaka, ya mfanyakazi wa mionzi 20 kwa mwaka, kwa wastani wa miaka 5. Kosea hapo, umezidisha mara 1,000 na bosi ameamshwa usiku. (Alichoniambia hakiandikiki.)

4. Nusu uhai ya teknishiamu-99m, dutu ya mionzi wanayopewa wagonjwa kwa vipimo, ni saa 6: kila saa 6 inabaki nusu. Baada ya saa 12 imebaki robo, haijaisha!

5. Dozimita inavaliwa. Wewe mwenye koti la kijani, yako nimeikuta tena imetundikwa chumba cha eksirei. Mwisho wa robo mwaka tutasoma dozi ya msumari. Ichukue, na ile ripoti niione upya kabla ya saa nne.