Breka inajikata kila jioni: niweke kubwa zaidi?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Breka ya soketi nyumbani kwetu ni ya ampea 20. Tangu tuanze kupikia jiko la umeme la sahani mbili, karibu kila jioni inajikata, hasa jiko likiwaka, birika likichemsha maji ya kuoga na mtu akipiga pasi. Haijikati palepale, inachukua dakika 10, pengine 20. Nikiirudisha papo hapo inakataa, nikingoja kidogo inakubali. Fundi aliyekuja amesema breka imechoka na isitoshe ni ndogo, akashauri tuweke ya ampea 32, kazi ya dakika tano. Jirani yetu anayo ya 32 na hajawahi kusumbuka. Mume wangu ameshakubali, mimi nasita. Kuna ubaya gani? Halafu jambo dogo: soketi ya birika imeanza kuwa ya kahawia pembeni, na plagi ikichomolewa inakuwa ya moto. Nayo ni kwa sababu ya breka?

JIBU: Dada yangu, umefanya vyema kusita. Lakini kabla ya breka, nianze na hilo uliloliita jambo dogo, maana ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote. Soketi hiyo acha kuitumia leo. Usiseme nimalizie maji ya usiku huu.

Ndani ya soketi kuna vibati vya shaba vinavyobana miguu ya plagi. Plagi ikichomekwa na kuchomolewa kwa miaka, vibati hivyo hulegea. Au skrubu inayoshika waya nyuma ya soketi haikukazwa sawasawa tangu siku ya kwanza. Pakishalegea, umeme unapita kwa taabu, na taabu hiyo hugeuka joto. Birika la wati 2,200 huvuta karibu ampea 9.5. Mahali palipolegea pakiwa na ukinzani wa omu 0.2 tu, hapo peke yake panatoka joto la wati 18. Chuma kidogo cha kulehemea saketi za redio huyeyusha risasi kwa wati za kiasi hicho hicho. Kwa hiyo ni kama mtu amekuwekea chuma cha kulehemea nyuma ya soketi, na kinawaka kila unapochemsha maji. Plastiki inaanza kwa rangi ya kahawia, inafuata harufu inayofanana na ya samaki aliyeoza, kisha weusi.

Na hapa ndipo jibu la swali lako la mwisho lilipo: breka haina habari na jambo hili, iwe ya 20 au ya 32. Birika linavuta ampea zilezile 9.5, ziwe zinapita kwenye soketi nzima au iliyoungua. Breka inahesabu umeme unaopita. Joto la soketi haiwezi kulijua.

Fundi akija kuibadilisha, msimamie kwa mambo mawili. Kwanza, ncha ya waya iliyobadilika rangi ikatwe hadi ionekane shaba inayong'aa ndipo ifungwe kwenye soketi mpya. Pili, angalia miguu ya plagi ya birika. Ikiwa imeingia weusi au imekuwa na vijishimo, plagi nayo ibadilishwe, la sivyo itaiunguza soketi mpya ndani ya muda mfupi. Nimeona nyumba imebadilisha soketi moja mara tatu kwa sababu hakuna aliyeitazama plagi.

Sasa tuje kwenye breka.

Watu wengi wanaamini breka imewekwa kulinda vyombo: friji, televisheni, jiko. Kazi yake hasa ni kulinda waya ulio ndani ya ukuta. Ndiyo maana ukubwa wa breka huchaguliwa kwa kuangalia unene wa waya ulioko baada yake, na hauchaguliwi kwa kuangalia wingi wa vyombo ulivyonunua. Mtu akikuambia muweke breka kubwa bila kwanza kuangalia waya, amekujibu swali ambalo hakuliuliza.

Tupige hesabu ya jioni yako. Siyajui maandishi ya vyombo vyako, kwa hiyo natumia vipimo vya kawaida. Wewe soma vibandiko vilivyo chini au nyuma ya kila chombo. Jiko la sahani mbili wati 2,000, birika wati 2,200, pasi ya mvuke wati 2,200. Jumla wati 6,400. Gawanya kwa volti 230, unapata karibu ampea 28. Ongeza friji na televisheni, unakaribia 29. Breka ya 20 imebebeshwa 29, na inafanya kazi iliyoajiriwa kuifanya.

Hata dalili ulizozieleza zinasema hivyo. Ndani ya breka kuna utepe wa metali mbili zilizoshikamana. Umeme ukizidi kidogo, utepe unapata joto, unapinda polepole, mwishowe unaachia kitasa. Ndiyo maana inachukua dakika 10 au 20, na ndiyo maana ukiirudisha papo hapo inakataa: utepe bado wa moto, haujanyooka. Ingekuwa shoti, yaani waya wa moto, ule unaoleta umeme, umegusana na nyutro, ule unaourudisha, ingejikata kufumba na kufumbua, kwa sababu hapo inayofanya kazi ni koili ya sumaku iliyo pembeni ya utepe huo, nayo haingoji joto. Kwa hiyo laini yako haina shoti. Imezidiwa mzigo.

Ukiweka ya 32 nini kitatokea? Jioni ile ya kwanza, hakuna. Mtapika, mtaoga, mtapiga pasi, na fundi ataonekana mtaalamu. Lakini laini nyingi za soketi zenye breka ya 20 zimevutwa kwa waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba. Waya huo ukiwa ndani ya bomba, ndani ya ukuta, unastahimili ampea 20 na ushee hivi. Ukiwa nje kwenye hewa unastahimili zaidi. Na joto la waya haliongezeki sambamba na umeme, linaongezeka kwa mraba wake: umeme ukiwa maradufu, joto linalozalishwa ni mara nne. Ampea 29 kwenye waya wa 20 ni joto mara mbili ya lililokusudiwa. Tena breka ya 32 haijikati ikifika 32. Breka za kawaida za nyumbani zimetengenezwa zivumilie mzigo wa mara 1.13 bila kujikata, na hata ukifika mara 1.45 zinaruhusiwa kungoja hadi saa nzima. Yaani waya wako unaweza kubebeshwa ampea 36 usiku kucha, joto likiwa zaidi ya mara tatu, na hakuna chochote kitakachoukatia.

Ganda la plastiki la nyaya za kawaida za nyumbani limepimwa kuhimili nyuzi 70 za Selsiasi. Likizidishiwa kila siku haliungui palepale. Linakauka, linakuwa gumu, linaanza kupasuka. Mwaka mmoja niliitwa kwenye nyumba iliyokuwa na taa zinazofifia. Kwenye boksi la breka nikakuta laini ya soketi imepandishwa hadi 40. Nikafungua soketi ya kwanza baada ya boksi, nikashika waya mwekundu kwa vidole viwili kuusogeza, na ganda lake likapukutika kama gome la mti mkavu. Ilibaki shaba tupu, urefu wa kidole, sentimita moja kutoka kwenye nyutro. Watoto wa nyumba ile walikuwa wamelala chumba kilicho upande wa pili wa ukuta ule. Tangu siku hiyo siwezi kulizungumzia jambo hili kwa upole.

Kuhusu jirani, usimhukumu kabla ya kujua waya wake. Huenda laini yake imevutwa kwa milimita 4 au 6. Huenda pia soketi zake zimeungwa kwa mtindo wa duara: waya unatoka kwenye breka, unapita soketi zote, kisha unarudi kwenye breka ileile. Hapo umeme unafika kila soketi kwa njia mbili, na waya wa milimita 2.5 unaruhusiwa kulindwa na breka ya 32. Ni mtindo halali, umeenea Uingereza na nchi zilizofuata kanuni zake. Wako ukiwa wa duara, fundi ataona nyaya mbili za rangi moja zimefungwa kwenye breka hiyo moja. Lakini lazima pia apime kwa mita kuhakikisha duara halijakatika mahali, maana wakati mwingine nyaya mbili ni matawi mawili tu. Na kama jirani hana lolote kati ya hayo, basi hajasumbuka bado.

Nimtendee haki fundi wako kwenye neno lake la kwanza. Breka kweli huchoka, hasa zilizojikata mara nyingi. Kuna na sababu nyingine ambayo mafundi wa haraka huipita: skrubu iliyolegea kwenye breka yenyewe. Joto la skrubu hiyo linaingia kwenye utepe, na breka inajikata hata mzigo ukiwa halali. Kuthibitisha ni rahisi kwa mwenye mita ya kubana: anaibana kwenye waya wa laini hiyo huku vyombo vikiwaka, anasoma ampea. Ikisoma 14 na breka ya 20 inajikata, kweli ni breka au skrubu, na dawa ni kukaza, au kuweka mpya ya 20 ileile. Ikisoma 28, breka ni nzima. Kazi hiyo hufanyika boksi likiwa wazi na umeme upo, kwa hiyo mwachie fundi, wewe na mzee msiliguse.

Dawa ya kudumu ni kulitoa jiko kwenye laini ya soketi. Livutiwe waya wake kutoka kwenye boksi, na breka yake. Kwa sahani mbili za wati 2,000, waya wa milimita 2.5 na breka ya 16 au 20 vinatosha. Ila kama mna nia ya kununua jiko kubwa lenye oveni siku zijazo, wekeni milimita 6 sasa hivi. Kazi nzito ni kupasua ukuta na kupitisha bomba, na haina maana kuifanya mara mbili. Kila nchi ina kanuni zake za nyaya na fundi mwenye leseni anazijua, zimfunge yeye.

Waya utakaoletwa uangalie kabla haujaingia ukutani, kwa sababu sokoni upo ulioandikwa 2.5 na ndani ni mwembamba. Waya wa 2.5 wenye nyuzi saba, kila uzi una kipenyo cha milimita 0.67, wenye uzi mmoja ni milimita 1.78. Kwangua pia kwa kisu: shaba halisi ni nyekundu hadi ndani, ya kupakwa inatoa weupe wa aluminiamu.

Wakati mnajipanga, gawaneni zamu. Jiko na birika pamoja ni kama ampea 18. Mnaweza, lakini pasi ingoje. Msikimbilie ekstensheni, kwani hata ukiivuta kutoka chumba kingine, kama soketi hiyo iko kwenye laini ileile mzigo ni uleule. Na ekstensheni ya kuviringisha ikitumika kwa birika ikiwa bado imeviringishwa, joto linakosa pa kutokea, nyaya za ndani zinayeyukiana.

Limebaki moja ambalo hukuuliza, nami siwezi kufunga bila kuligusa, kwa kuwa umetaja maji ya kuoga na jikoni mikono huwa imelowa. Breka tuliyoizungumzia hailindi mwili wa mtu. Umeme wa miliampea 30 ukipita kifuani unaweza kuuvuruga moyo, na kwa breka ya ampea 20 kiasi hicho si kitu, hakifiki hata sehemu moja ya mia sita ya uwezo wake. Anayemlinda mtu ni waya wa ethi ulio mzima, pamoja na kile kifaa kipana kwenye boksi kilichoandikwa RCD au RCCB, chenye kitufe cha T. Kinalinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Ukipungua kwa miliampea 30 kinakata kabla hujamaliza kushtuka.

Kitafute kwenye boksi lako. Kikiwepo, zima kwanza vyombo, kisha bonyeza hicho kitufe. Kinatakiwa kijikate mara moja. Mimi changu nakibonyeza kila mwezi. Kisipojikata, au kisipokuwepo kabisa, mwambie fundi aje nacho siku hiyohiyo anayokuja na soketi ya birika, na kiwe cha miliampea 30, si cha 100 wala 300.