Dawa Mbili za Kutuliza Hisia kwa Pamoja: Maswali ya Wasomaji

SWALI: Nina baipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi) na nimetumia valproeti kwa miaka mitatu. Sasa nimeongezewa lamotrijini miligramu 25, ninywe leo, kesho niruke. Rafiki yangu alianza dawa hiyo hiyo kwa kunywa kila siku. Je, dozi yangu si ndogo mno?

JIBU: Si ndogo. Lamotrijini huondolewa na ini, na valproeti huvizuia vimeng'enya vinavyofanya kazi hiyo. Kwa asiyetumia dawa nyingine, nusu ya lamotrijini hutoka mwilini kwa takriban saa 30. Kukiwa na valproeti, hukaribia saa 70. Kidonge chako cha juzi bado kimo damuni unapomeza cha leo.

Ratiba ya kawaida kwa mtu kama wewe ni miligramu 25 kwa kuruka siku kwa wiki 2, kisha 25 kila siku kwa wiki 2, kisha 50. Wengi hufika 100 kwa siku, huku asiye na valproeti akifika 200.

Kupanda haraka ndiko kunakoleta upele, hasa katika wiki 8 za mwanzo. Mara nyingi ni upele mdogo tu, ila mara chache ndio mwanzo wa ugonjwa wa Stevens-Johnson, ambapo ngozi huchubuka. Ukiona upele wowote, usimeze lamotrijini nyingine kabla ya kuongea na daktari. Ukiambatana na homa, vidonda mdomoni, macho mekundu au malengelenge, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Valproeti usiiache mwenyewe: ikitoka, kiwango cha lamotrijini hushuka karibu nusu, na hisia zinaweza kuyumba. Na ukikosa lamotrijini kwa siku kadhaa, usirudi kwenye dozi ya zamani bila kuuliza. Huenda ukaanzishwa upya. (Kama unaweza kupata mimba, zungumzia valproeti mapema, kwani humdhuru mtoto tumboni. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni navyo hupunguza lamotrijini.)

SWALI: Natumia kabamazepini na valproeti. Kipimo cha damu cha kabamazepini kimetoka sawa, lakini napata kizunguzungu na kuona vitu viwili viwili. Tatizo ni nini?

JIBU: Kipimo hicho kimehesabu kabamazepini yenyewe tu. Ini huigeuza kuwa epoksaidi, ambayo nayo ina nguvu, na valproeti huzuia epoksaidi hiyo isivunjwe. Inajazana bila kuonekana kwenye karatasi ya majibu.

Andika saa unazomeza dawa na saa dalili zinapoanza. Zikija muda mfupi baada ya dozi, mpe daktari maandishi hayo; anaweza kugawa dozi, kuipunguza, au kuomba epoksaidi ipimwe pale maabara inapoweza. Usiendeshe gari wakati huo. Kabamazepini nayo hupunguza valproeti, hivyo ikisimamishwa, valproeti hupanda taratibu kwa wiki kadhaa na kipimo chake kirudiwe, damu ikichukuliwa asubuhi kabla ya dozi.