Namna ya kusikiliza Gallifrey bila kupotea njiani

Gallifrey ni mchezo wa kusikiliza wa kampuni ya Big Finish ya Uingereza, ulioanza mwaka 2004 kama tawi la Doctor Who, tamthilia ya televisheni ya BBC kuhusu msafiri wa wakati. Romana ni Rais wa Gallifrey, sayari inayojiona ndiyo yenye haki ya kulinda wakati. Leela, mwindaji asiye na subira na mambo ya ikulu, anamfanyia kazi za siri. Wengi wanaouacha njiani hulaumu safari za wakati, lakini kinachowapoteza hasa ni siasa. Hujui nani anamtumikia nani, na anayedanganya huna uso wake wa kumsoma.

Fuata mpangilio wa msimu wa kwanza: Weapon of Choice, Square One, The Inquiry, kisha A Blind Eye. Hiyo ya mwisho, iliyo ndani ya treni mwaka 1939, ndiyo inayofungua vifungo vya tatu za mwanzo, kwa hiyo ukiirukia utakuwa umejinyima utamu wote.

Chukua karatasi, chora safu tatu: jina, anamtumikia nani, anajua nini. Safu ya tatu iandike kwa penseli, maana utaifuta mara nyingi. Kila mtu anapopata habari mpya, andika na dakika yake. Ukikutana na CIA, hiyo ni idara ya ujasusi ya Gallifrey yenyewe, si ile ya Marekani, na maslahi yake si lazima yawe ya Rais. Wanaojiita Free Time wanataka kila taifa liruhusiwe kusafiri katika wakati. Wape nafasi kwenye karatasi yako, kwa sababu hoja yao ina uzito hata kama mbinu zao zinatisha.

Mbwa wa chuma, K9, wako wawili: mmoja wa Romana, mwingine wa Leela. Wote wanaigizwa na John Leeson, hivyo usitegemee sauti. Angalia nani aliyeuliza swali kabla mbwa hajajibu. Na katika Square One, kwenye mkutano wa mataifa yanayosafiri katika wakati, ukihisi jambo limeshatokea, usidhani faili limeruka ukarudisha nyuma. Endelea.

Vaa hedifoni masikio yote mawili, kisha ingia kwenye mipangilio ya simu uhakikishe mono imezimwa. Ikiwa imewashwa, sauti za kushoto na kulia zinamwagwa pamoja na chumba chenye watu watano kinakuwa uji. Kwenye daladala minong'ono inamezwa na injini, ukiongeza sauti mlipuko unaofuata unakuumiza, kwa hiyo subiri ufike nyumbani. Pakua mapema: saa moja ya MP3 ya kbps 128 inakula takriban MB 58 za bando.

Usiongeze kasi, hata ya 1.25. Katika mazungumzo ya majasusi, kimya kifupi kabla ya mtu kusema "ndiyo" mara nyingi ndicho jibu lenyewe, na kasi inakikata. Ukipotea, rudi nyuma sekunde 30 mpaka pale mlango ulipofunguliwa, uhesabu upya waliomo chumbani.

Ukimaliza A Blind Eye, rudia Weapon of Choice siku hiyohiyo. Safari hii msikilize Torvald, ajenti wa CIA, hasa anavyozungumza na Leela.