Mlete mtoto, kikohozi changu si TB

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote. Umeuliza kama hiki kikohozi changu kisichoisha ni ukomo wa hedhi, kama anavyosema shangazi yako, au ni TB ila ninakuficha. Ukauliza kama umlete mtoto Desemba au usubiri kwanza. Na mwisho kabisa, kwa sauti ya chini, ukauliza kama na wewe yatakupata. La mtoto nalijibu hapa hapa: mlete. Mengine ni marefu, ndiyo maana nimeamua kuandika. Kwenye simu nikiongea sana nakohoa, na wewe ukisikia nakohoa huyasikii tena maneno.

TB nimeshapima. Hapa kwetu mtu akikohoa wiki mbili au zaidi anatakiwa apimwe kifua kikuu, hata kama anajiona mzima, na kwenye vituo vya serikali kipimo na dawa ni bure. Kilichonisukuma hasa ni jasho. Naamka usiku gauni la kulalia limenigandia mgongoni na shuka limelowa. Sasa fikiria: mwanamke wa miaka 54, hedhi imeshakoma, anatoka jasho usiku na anakohoa. Kila mtu anayemsikia atasema ni umri. Lakini jasho la ukomo wa hedhi na jasho la TB kwenye shuka ni maji yale yale. Yapo yanayoweza kukupa fununu: TB mara nyingi huja na homa za jioni, mwili kupungua na chakula kukukinai. Fukuto la ukomo wa hedhi huja hata mchana, linapanda kutoka kifuani hadi usoni, linakaa dakika chache, kisha linakuacha unasikia baridi. Mimi mwili haujapungua, hilo unalijua kwa magauni uliyonishonea. Hata hivyo si jambo la kupima kwa macho.

Muuguzi alinipa kikopo chenye kifuniko, akaniambia nitoke nje penye upepo, si chooni wala si ndani. Nivute pumzi ndefu mara mbili tatu, kisha nikohoe kutoka chini kabisa ya kifua. Kwangu ilikuwa kazi, maana kikohozi chenyewe ni kikavu. Nikarudi na kikopo, akakiinua kwenye mwanga, akatikisa kichwa. "Mama, haya ni mate. Tunataka makohozi." Nikarudi chini ya mwarobaini na wagonjwa wengine wananitazama. Ile mashine ya GeneXpert, ya kutafuta vimelea vya TB kwenye makohozi, inatoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi, ila kwa foleni ilivyokuwa niliambiwa nirudi kesho yake. Vimelea havikuonekana, na picha ya kifua ilikuwa safi. Mwambie shangazi yako, aliyenitengea kikombe chenye ua jekundu na kukiweka peke yake dirishani, kwamba hata ingekuwa TB kikombe hakina kosa. TB huambukiza kwa hewa.

Basi ni ukomo wa hedhi? Nusu ndiyo. Homoni ya estrojeni inapopungua, si kule chini tu kunakokauka. Macho yanakauka, kinywa kinakauka, na pua pia. Ndani ya pua na ndani ya yale matundu ya mifupa ya uso tunayoyaita sainasi kuna ngozi laini yenye ute, na vinyweleo vidogo mno vinavyousukuma ule ute utoke. Ngozi ikikauka, ute unakuwa mzito, unanata, hautoki vizuri. Unapolala unateremkia nyuma ya koo, koo linawasha, unabanja, unakohoa, na kukohoa kwenyewe kunazidi kulichubua. Tena wanawake kwa asili tunakohoa upesi kuliko wanaume kwa kichokozi kile kile. Huko Ulaya na Marekani kwenye kliniki za kikohozi sugu, wanaojaa zaidi ni wanawake wa miaka ya hamsini na sitini.

Lakini ukomo wa hedhi umekuwa kapu la kutupia kila kitu. Goti likiuma, umri. Ukisahau ufunguo, umri. Na ndani ya kapu hilo vinafichika vitu vyenye dawa yake. Mimi kimojawapo kilikuwa vidonge vya presha. Mwaka jana nilianzishiwa enalapril. Ni dawa nzuri na wengi wanaitumia bila shida, ila hiyo pamoja na captopril na lisinopril zina tabia inayojulikana ya kuwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu cha kuwasha koo, wanawake zaidi kuliko wanaume. Kinaweza kuanza baada ya wiki, au hata miezi, ndiyo maana mtu hakihusishi na kidonge. Daktari aliponiuliza natumia dawa gani nilimtajia ya mafua, ya kikohozi, ya mzio. Ya presha hata sikuihesabu kuwa dawa, ni kama chai ya asubuhi. Alipoiona kwenye daftari akanibadilishia losartan. Kikohozi hakikukatika siku hiyo; huchukua wiki kadhaa, na kwa wengine hadi miezi mitatu. Ule mkuno wa kooni wa mchana kwangu umeisha. Kinachobaki, unachokisikia wewe kwenye simu, ni cha pua, na ni cha usiku na alfajiri. Lakini usimwambie mama mkwe wako aache vidonge vyake kwa sababu ya barua yangu. Aende akabadilishiwe.

Pumu nayo huweza kuanza ukubwani, hata baada ya hedhi kukoma, kwa hiyo nilipulizishwa kwenye kile kimashine. Haikuonekana. Kiungulia ninacho, na tindi kali ikipanda usiku hufika kooni ikaleta kikohozi, basi chakula cha usiku nimekirudisha mapema na mto wa kichwani nimeuinua.

Sasa pua. Kinachonisaidia kuliko vyote ni maji ya chumvi. Nachemsha maji, nayaacha yapoe mpaka yawe vuguvugu, nusu lita natia kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Nimenunua bomba kubwa la sindano duka la dawa, bila sindano yenyewe. Nainama kwenye karo, kichwa nakilaza upande, kinywa wazi napumulia humo, nasukuma maji polepole kwenye tundu la juu mpaka yatokee la chini. Mwanzo utadhani unazama. Ukizoea, yale madude yanayotoka utashangaa yalikuwa yamekaa wapi. Si kama kupandisha maji puani wakati wa udhu. Hayo huishia mlangoni, haya yanakwenda ndani, na ndiyo maana lazima yawe yamechemshwa. Kwenye maji mabichi kuna vimelea ambavyo ukivinywa havikufanyi kitu, lakini vikipandishwa puani vinaweza kufika kwenye ubongo. Ni nadra sana, ila vikifika huua. Bomba nalo nalisuuza kwa maji yaliyochemshwa na kuliacha likauke.

Baada ya kusafisha napuliza dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe. Natumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, na wa kushoto kwa la kulia, ili dawa ielekee upande wa sikio na si kwenye ule ukuta wa katikati, maana huko huleta kutoka damu. Si dawa ya leo leo. Inataka wiki mbili au zaidi, kila siku, ndipo uone tofauti, na wengi huiacha siku ya tatu wakisema haifanyi kazi. Usiichanganye na yale matone ya kuzibua pua. Hayo yanazibua dakika hiyo hiyo, lakini ukipitisha siku tano hivi pua inaziba zaidi kuliko mwanzo, na unajikuta huwezi kulala bila chupa chini ya mto.

Na duka la dawa, mwanangu, ukitamka tu neno sainasi unapewa antibayotiki. Muuzaji mmoja aliniuliza kamasi rangi gani, nikasema kijani, akakata karatasi ya vidonge kabla sijamaliza. Kijani peke yake si ushahidi wa bakteria, mafua ya virusi nayo hutoa hiyo rangi. Antibayotiki hufikiriwa pale inapopita siku kumi bila nafuu, au unapokuwa umeanza kupona kisha unarudi chini kwa homa na maumivu ya uso.

Bibi yako anataka nijifukize. Unakumbuka mwaka 2020 wakati wa korona, mtaa mzima ulinuka mchaichai na majani ya mlimau. Mvuke unalegeza kamasi kwa muda, sikatai, lakini umeunguza watu wengi, na mwanamke mwenye fukuto la ukomo wa hedhi kumfunika blanketi juu ya sufuria inayochemka ni adhabu tu. Asali na tangawizi nakunywa.

Kaskazi ndiyo inayonitesa. Miezi ya Desemba hadi Februari hapa Tanga, fukuto la nje linakutana na langu, nikawa nalala na feni ya kusimama inanipiga usoni usiku kucha. Pua inazidi kukauka, napumulia mdomo, naamka koo kama limesuguliwa msasa. Nimeigeuza iwe upande wa miguu, na pangaboi la sebuleni nimelifuta. Vumbi lililotoka juu ya mapanga yake lilijaza kizoleo. Neti nafua kwa maji ya moto. Jiko la mkaa limehamia uani. Udi na ubani nimepunguza, ila wa Alhamisi jioni unabaki, na daktari nimemwambia hivyo hivyo. Chaki darasani ndizo siwezi kuzikwepa mpaka nistaafu.

Kuna jambo jingine ambalo hukuuliza, nakwambia kwa kuwa umeshazaa. Nikikohoa kwa nguvu mkojo unaniponyoka. Misuli ya chini imelegea kwa uzazi, na kukauka kwa homoni kumemalizia. Nilidhani ni mimi peke yangu, kumbe chumba cha walimu wanawake karibu wote tuna pedi kwenye mikoba na hakuna aliyewahi kusema. Niliyofundishwa ni kukaza ile misuli kama unayezuia mkojo na upepo, uhesabu mpaka tano, ulegeze, mara kumi, asubuhi, mchana na usiku, na kuikaza kabla ya kukohoa, si baada. Baada ya miezi michache nimeona nafuu. Wewe anza sasa, usingoje.

Kama yatakupata? Hedhi hukoma kwa wengi kati ya miaka 45 na 55, na mara nyingi binti hufuata karibu na umri wa mama yake. Pua ya vumbi tayari umenirithi, tangu mdogo ukifagia unapiga chafya. Kikohozi sicho lazima. Ila siku ukiambiwa ni umri, uliza umri upande gani, na daftari la dawa liwe mkononi.

Nikikohoa damu, nikipumua kwa shida, au jicho likivimba na homa juu yake, sitasubiri uniulize, nitakuwa nimeshaenda. Pia pua ikitoa harufu mbaya upande mmoja tu. Mwalimu mwenzangu lilimpata hilo, akameza vidonge vya kila aina, kumbe lilikuwa jino la juu limeoza na usaha unapanda kwenye sainasi. Likang'olewa, akapona.

Mtoto mlete. BCG, chanjo ya TB, alichomwa alipozaliwa, na kwangu hakuna TB ya kumpa. Siku mkifika nikiwa na mafua ya kweli nitavaa barakoa na kumbeba nitamwachia babu yake. Dawa za kikohozi usininunulie, nina kabati zima. Ukipita kwenye maduka ya vitambaa niletee foronya mbili za pamba tupu, nyeupe, hizi za nailoni zinanichemsha.

Mama yako