Re: Simfoni ya 6 ya Tchaikovsky, rekodi yangu ni mbovu?

Salaam mkuu. Unauliza kama rekodi yako ya simfoni hii, utungo mrefu wa okestra wenye sehemu kadhaa, ina kasoro, maana sehemu ya tatu inaisha kwa kishindo, watu wanapiga makofi, halafu muziki unarudi kwa huzuni na kufifia.

Kwanza hesabu sehemu. Zikiwa nne, rekodi ni nzima. Simfoni nyingi za wakati ule zilifunga kwa shangwe. Tchaikovsky, mtunzi wake Mrusi, aliiweka shangwe kwenye sehemu ya tatu, ile yenye mwendo wa gwaride, akamaliza kwa maombolezo ya polepole. Ndiyo maana makofi huwatoka watu hata kwenye kumbi kubwa. Aliiongoza mwenyewe mara ya kwanza St. Petersburg, Oktoba 1893, akafariki siku tisa baadaye.

Mimi nilianza kuipenda nilipoisikiliza usiku kwa spika mbili zilizotengana. Mwanzo wa sehemu ya nne una wimbo ambao hakuna fidla inayoupiga wote: kundi la kwanza la fidla linapiga noti moja, la pili linapiga inayofuata, na wimbo unaungana sikioni mwako. Zamani makundi hayo yalikaa pande mbili za jukwaa, kwa hiyo tafuta rekodi iliyopangwa hivyo, utasikia tofauti kabisa.

Karibu na mwisho subiri pigo moja laini la upatu (sahani kubwa ya shaba inayogongwa), tromboni na tuba, ala za kupuliza zenye sauti nzito, zinafuata taratibu. Hapo usiongeze sauti. Chelo na besi, ala za nyuzi zenye sauti nzito, zinatakiwa kuzimika hivyohivyo.